Fidia Itangulie Katapila

Anayeishi mjini Unguja anaijua adha ya foleni za Mwanakwerekwe na Amani. Ndiyo maana barabara za juu katika makutano hayo ni jambo la kupongezwa. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa kuwaondolea watu maudhi njiani ni katika matawi ya imani. Hatupingi barabara. Tunauliza nani anabeba gharama yake.

Barabara inapotanuliwa, mara nyingi hesabu ya fidia huanzia kwenye ukuta na kuishia kwenye paa. Mpangaji hahesabiwi. Muuza urojo aliyezoeleka na wateja wa mtaa mmoja hahesabiwi. Chuo ambacho watoto walikwenda kwa miguu kinabaki ng'ambo ya pili, na mzee wa swala ya Alfajiri analazimika kuvuka magari ya kasi kuufikia msikiti wake.

Dini yetu haikuliacha jambo hili wazi. Mwaka 17 Hijria, Sayyidna Umar (R.A.) alipoutanua Msikiti wa Makka, alizinunua nyumba zilizouzunguka. Waliokataa kuuza, nyumba zao zilivunjwa, lakini thamani yake iliwekwa katika hazina ya Al-Kaaba mpaka walipoichukua. Ikiwa nyumba ya Allah haikutanuliwa bila ya fidia, vipi barabara ya magari?

Mwaka 1988, Baraza la Fiqhi la Kiislamu lililokutana Jeddah liliweka masharti: mali ya mtu ichukuliwe na mtawala au naibu wake tu, kwa maslahi ya umma, kwa fidia ya haraka na ya uadilifu, isiyopungua bei ya soko kwa makadirio ya wataalamu. Na mradi ukifutwa, mwenyewe ndiye mwenye haki ya mwanzo ya kurejeshewa.

Wapo wanaosema ardhi ya Zanzibar ni ya umma. Ni kweli, kwa sheria ya mwaka 1992. Lakini nyumba aliyoijenga mtu na minazi aliyoipanda ni jasho lake.

Kwa hiyo tunashauri wakaazi wasikilizwe kabla ya nyumba kutiwa alama ya X, na fidia itangulie katapila. Palipo na mali ya wakfu, fidia yake inunue mali nyengine ya wakfu, isiishie katika matumizi mengine.

Nasi katika familia tuna mtihani wetu. Nyumba nyingi za mjini ni mirathi isiyogawiwa. Fidia ikitoka, isichukuliwe na kaka aliyetia saini peke yake: mama mjane na dada walioolewa wana mafungu yao katika Qur'ani. Haifai kuidai Serikali haki huku tunadhulumiana ndani ya nyumba. Gaweni mirathi mapema na muweke hati zenu sawa.

Allah atujaalie barabara zenye kheri na nyoyo zenye uadilifu. Amin.