NYIMBO MPYA ZINAZOVUMA: NANI ANAYALINDA MASIKIO YA WATOTO WETU?



Ndugu zangu katika imani, wiki iliyopita mtoto wa miaka 8 alinisomea Suratul Humaza pale madrasa. Akakwama aya ya 3. Nikamsahihisha, akakwama tena. Wakati wa mapumziko nikamsikia uani anaimba wimbo mpya wa Bongo Fleva, mwanzo mpaka mwisho, hakukosea hata neno. Nikamuuliza, "Mwanangu, maana yake nini hayo?" Akanijibu, "Sijui maalim, ila ni tamu."

Jibu lile lilininyima usingizi.

Sikutaka kuhukumu nisichokijua. Nikamwomba binti yangu aniandikie kwenye daftari maneno ya nyimbo 5 zinazovuma sasa. Nimeyasoma yote. Rai yangu ni hii:

1. Vijana wetu wana vipaji, na Kiswahili wanakijua. Wengi wao sauti zile wamezikuza kwenye kaswida na madrasa zetu. Ni watoto wetu, si maadui. Wapo wanaoimba jambo jepesi tu, kama ile Komasava ya Diamond ya 2024, ambayo jina lake ni salamu ya Kifaransa ya kujuliana hali. Lakini katika zile 5, 3 ni mambo ya chumbani, na hata fumbo hawakuweka.

2. Kuhusu hukumu, wanachuoni wengi wa madhehebu 4 wamekataza ala za muziki. Ibn Hazm alikuwa na rai nyingine. Tunayo pia hadithi sahihi ya wasichana wawili walioimba siku ya Idi nyumbani kwa Bibi Aisha (r.a.), na Mtume (s.a.w.) akasema waachwe. Msigombane na jirani kwa hilo. Ila maneno machafu hayana khilafu. Hakuna mwanachuoni aliyeyahalalisha, yawe na ngoma au yasiwe nayo.

3. Tusiisubiri serikali. Mwaka 2018 BASATA iliufungia wimbo Mwanza. Machi 2024 baraza la sanaa la Zanzibar lilimfungia Zuchu miezi 6 kwa maneno na ishara za jukwaani kule Kendwa. Nawashukuru kwa kujali. Lakini kufuli hufungwa wimbo ukishafika kwenye bodaboda, kwenye daladala na kwenye simu ya mama jikoni.

Na hapo ndipo penye msiba. Yule mtoto hana simu. Simu ni yetu. Sisi ndio tunaompa ili anyamaze, tupumzike. Kisha tunamlaumu msanii!

Nami nikiri jambo. Nina miaka hamsini na kitu. Nyimbo nilizozisikia redioni nikiwa mdogo bado zinanijia, wakati mwingine nikiwa ndani ya swala. Naomba istighfari, naendelea. Kinachoingia utotoni hakitoki kirahisi. Ndiyo maana wazee walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Basi tufanye haya:

• Kabla ya kumpa mtoto simu, jua anakwenda kusikiliza nini.
• Akiimba, usimpige. Muulize maana. Akiwa mkubwa wa kuelewa, mweleze kwa nini hayafai.
• Mpe kitu kitamu badala yake. Kaswida, visa vya Mitume, na Qur'ani kwa sauti nzuri. Sisi maustadhi nasi tupunguze bakora. Mtoto hawezi kuipenda sauti inayomtisha.
• Kwenye harusi zetu, mwambieni mpiga muziki mapema nini kisipigwe. Msione haya, mmemlipa nyinyi.

Wasanii Waislamu mnaosoma hapa, siwalaani. Nawakumbusha tu kwamba wimbo unabaki ukiimbwa na watoto hata baada ya mwimbaji kuzikwa. Chagueni mtakachokiacha nyuma.

Yule mtoto jana ameimaliza Suratul Humaza, Alhamdulillah. Tulikuwa tunasoma pamoja kila siku baada ya Alasiri, dakika 10 tu.

Allah atuhifadhie masikio yetu na vizazi vyetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.