Kurudia Nguo Ofisini Si Umaskini, Mdada Aache Kuumalizia Mshahara Kabatini

Kabati limejaa mpaka mlango haufungi, lakini kila asubuhi mwenyewe anasimama mbele yake na kusema hana nguo ya kuvaa. Wadada wengi wa maofisini, iwe Dar es Salaam, Dodoma au Mwanza, wanaijua asubuhi hiyo. Nguo zipo, tena nyingi tu. Ila hii inabana, ile haina sketi ya kuendana nayo, nyingine ni ya sherehe, na ile nzuri kuliko zote ilivaliwa juzi. Akiirudia leo, "watu wataongea".

Hapo kwenye "watu wataongea" ndipo mishahara inapopotelea. Ukweli usemwe: wadada wengi wa ofisini hawana uhaba wa nguo, wana hofu ya kurudia nguo. Na hofu hiyo mara nyingi haikuletwa na bosi wala mteja. Imeletwa na umbea wa koridoni.

Tuseme kuna mdada kaanza kazi mwezi huu. Kamaliza chuo, kakaa mtaani miaka miwili akituma maombi, hatimaye kapata. Wiki ya kwanza anavaa nguo zake tatu nzuri. Wiki ya pili anazirudia. Wiki ya tatu mwenzake wa meza ya jirani anamwambia huku akicheka, "Shoga, hilo gauni sasa lisaini na lenyewe kwenye daftari la mahudhurio." Wote wanacheka, na yeye anacheka. Mwisho wa mwezi mama muuza nguo anapita na furushi lake, nguo zinachukuliwa, majina yanaandikwa, malipo mshahara ukitoka. Mwezi unaofuata hivyo hivyo. Kabla mwaka haujaisha, mshahara unaingia ukiwa tayari una wenyewe: mama wa nguo, kikoba, mchango na sare ya send-off ya mtu wa idara nyingine. Wapo walioishia kwenye mikopo ya kausha damu. Na huko nyumbani kuna mdogo wake anasubiri ada.

Wahenga walishamaliza kazi: nguo ya kuazima haisitiri matako.

Sasa amwangalie kaka wa meza ya tatu. Ana suruali mbili, nyeusi na ya bluu, na mashati manne. Anazungusha hizo hizo mwaka wa tatu huu na hakuna aliyewahi kumuuliza. Mwaka 2014 mtangazaji mmoja wa kiume wa televisheni nchini Australia alitoboa siri kwamba alikuwa amevaa suti ile ile ya bluu karibu kila siku hewani kwa mwaka mzima, na hakuna aliyestuka. Alifanya makusudi, kwa sababu wenzake wa kike walikuwa wakiandamwa na watazamaji kuhusu nguo zao. Kazi ni ile ile, kamera ni ile ile, ila macho ya watu hayako sawa.

Atatokea wa kusema kazini kuna utaratibu wa mavazi. Ni kweli upo, na ni vizuri uwepo. Serikali ilitoa waraka wa mavazi kwa watumishi wa umma mwaka 2007, na kwenye milango ya ofisi nyingi za umma bado kuna mabango yenye picha za nguo zinazokubalika na zisizokubalika. Yanazungumzia nguo za kubana, fupi na zinazoonyesha mwili. Hakuna bango linalosema gauni la Jumatatu lisionekane tena Alhamisi. Sheria hiyo wameitunga watu wenyewe.

Dawa yake ni hesabu ndogo tu. Nguo za chini tatu: suruali nyeusi ya kitambaa, sketi ya bluu iliyokolea inayovuka goti, na suruali au sketi nyingine ya kijivu. Nguo za juu tano: shati jeupe, blauzi ya rangi ya krimu, nyingine mbili za rangi anazozipenda mwenyewe, na moja ya maua au kitenge. Makoti mawili: moja jeusi au la bluu, lingine la kitenge. Jumla nguo kumi. Kila ya juu ikikubali kila ya chini, hapo kuna mitoko 15. Ukiweka siku za bila koti, za koti la kwanza na za koti la pili, inakuwa mitoko 45. Mwezi una siku za kazi kama 22. Maana yake mdada mwenye nguo kumi anaweza kumaliza miezi miwili bila mtoko kufanana, wakati mwenye magauni 30 ya kuvaliwa peke yake anaishia kwenye mitoko 30.

Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1985 mbunifu wa Marekani, Donna Karan, alianza chapa yake kwa kanuni ya nguo saba za mwanamke wa kazini, zinazobadilishana zenyewe kwa zenyewe. Na bibi zetu walikuwa wanajua kabla ya hapo. Khanga ile ile ilivaliwa, ilitandwa, ilibebea mtoto na iliendea msibani, na hakuna aliyeitwa fukara.

Siri iko kwenye rangi. Akichagua mbili za msingi, mfano nyeusi na bluu, viatu na mkoba vinafuata hapo hapo bila kununua pea kumi. Anayevaa hijabu mambo yake ni rahisi zaidi kuliko anavyodhani: mitandio mitatu isiyo na maua, ya rangi zinazoendana na hizo za msingi, inaubadilisha mtoko ule ule mara tatu.

Kitambaa nacho kisipuuzwe. Blauzi za poliesta zinavutia dukani, lakini joto la Dar la Januari halina huruma. Mtu anateremka kwenye mwendokasi mgongo umelowa, akifika ofisini kiyoyozi kinampiga, anaanza kupiga chafya. Pamba na kitani vinapitisha hewa, hata kama vinataka pasi. Koti linakaa kwenye kiti cha ofisini, halisafiri kila siku kwenye msongamano. Viatu vya mchuchumio vivyo hivyo, vikae chini ya meza, njiani atembee na vya chini. Wa Njombe na Mbeya hesabu yao ni tofauti kidogo: Juni na Julai sweta zito na soksi ndefu haviepukiki, hivyo hela ya blauzi mbili iende huko.

Kwenye manunuzi, mtumba usidharauliwe. Karume, Ilala, kuna makoti yaliyoshonwa vizuri kuliko mengi mapya ya vioo vya maduka. Ila aende na macho. Aangalie kwapa, kola, zipu na bitana ya ndani, alishike koti kwenye mwanga wa jua aone kama limefifia begani. Mabega ndiyo ya kuangalia zaidi, kwa sababu kiuno fundi atakipunguza, mikono ataifupisha, lakini mabega yakizidi, kuyarekebisha kunaweza kugharimu kuliko koti lenyewe. Kitambaa cha kushonesha kipo Kariakoo. Kitenge kilowekwe na kukaushwa kabla hakijakatwa, maana kikirudi kimesinyaa baada ya kushonwa, gauni limekuwa la mdogo wake. Fundi aombwe aache nafasi kwenye mishono. Mwili wa mwanamke haukai sehemu moja.

Na hapo pana jambo linalosahaulika. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84, na akirudi anaruhusiwa hadi saa mbili kwa siku za kumnyonyesha mtoto. Anarudi na mwili mwingine kabisa, suruali hazipandi, gauni la zipu ya mgongoni halimsaidii kitu. Kabati lenye mashati na blauzi za vifungo vya mbele, na sketi zenye mpira au mshono wa kuachia, linampokea bila kumdai mshahara mwingine. Kabati la nguo za kubana za msimu linamfukuza.

Sare za harusi nazo ziingizwe kwenye hesabu. Kila mwaka wadada wananunua vitenge vya kitchen party na send-off, wanashona magauni ya mikia na mabawa, yanavaliwa usiku mmoja, kisha yanalala kabatini hadi nondo wapate chakula. Kitenge kile kile kingeshonwa koti na sketi. Usiku wa sherehe kitapendeza, Ijumaa ijayo kitaingia ofisini. Kamati ya sherehe ikilalamika mshono haufanani, ikumbushwe kwamba waliokubaliana ni kitambaa.

Wengi wanaangalia bei ya kununulia tu, hawaangalii bei ya kuvaa. Gauni la shilingi 30,000 likivaliwa mara mbili, kila mara limemgharimu 15,000. Koti la 60,000 likivaliwa mara moja kwa wiki mwaka mzima, kila mara ni kama shilingi 1,150. Sasa rahisi ni lipi?

Wapo watakaobisha kwamba kazi nyingine zinadai mwonekano: mapokezi, mauzo, utangazaji, wanaokutana na wageni. Hoja ina uzito. Mteja anahukumu kwa macho kabla mtu hajafungua mdomo, na mwanamke anahukumiwa mara mbili. Lakini mteja hajui kilichovaliwa Jumanne. Anachokiona ni kola iliyonyooka, kifungo kisichoning'inia, kiatu kilichopigwa dawa na nguo iliyomkaa mtu vizuri. Nguo mpya yenye makunyanzi inapigwa bao na nguo ya miaka mitatu iliyopigwa pasi. Kwa hiyo anayefanya kazi hizo ndiye hasa anayetakiwa kuweka hela kwenye koti moja la maana na viatu viwili imara, kuliko kugawa hela hiyo hiyo kwenye blauzi nane za kufifia baada ya kufuliwa mara tatu.

Upande mwingine wa haki nao uwepo. Kupenda nguo si dhambi. Mwenye uwezo wake atupie kila siku kipya, ni jasho lake, na ofisi inachangamka. Kisichokubalika ni yeye kugeuza uwezo wake kuwa rula ya kuwapimia wenzake, tena wenye mshahara wa mwezi wa kwanza. Utani wa nguo unaonekana mdogo kwa anayeutoa. Kwa anayeupokea unaweza kuwa ndio mwanzo wa deni.

Ndiyo maana wa kuimaliza hofu hii ni wakubwa. Binti aliyeajiriwa juzi hana nguvu ya kuwabishia wote. Lakini meneja wa kike akivaa suti ile ile Jumatatu na Alhamisi, akabadilisha blauzi tu, akaendesha kikao chake bila wasiwasi, amewapa nafuu mabinti wote wa chini yake bila kutoa hotuba. Na utani ukianza mbele yake, neno moja linatosha: "Gauni limempendeza, tuendelee na kazi."

Kwa binti mwenyewe, mshahara wa kwanza usiishie kwenye furushi la mkopo. Anunue suruali moja, shati jeupe moja na viatu vya kudumu, taslimu. Mwezi wa pili aongeze kimoja, na wa tatu kimoja. Kabla mwaka haujaisha zile kumi zitakuwa zimetimia, hakuna daftari lenye jina lake, na ada ya mdogo wake imelipwa. Watu wakiongea, waongee. Mwisho wa mwezi hawamlipii kodi ya chumba.