Malango ya kompyuta za gridi: kazi iliyobaki ni ya taasisi

Na Mwandishi Wetu

Kati ya Julai na Agosti 2005, watafiti wa mradi wa WISDOM walitumia gridi ya kompyuta ya Ulaya kutafuta molekuli zinazoweza kunasa kwenye protini za kimelea cha malaria. Katika muda wa wiki sita hivi walikamilisha majaribio yapatayo milioni 46 kwa kompyuta takriban 1,700 zilizosambaa katika nchi 15. Kompyuta moja ingehitaji miaka 80 kuimaliza kazi hiyo.

Lakini gridi hiyo haikuwa chombo ambacho mwanabiolojia angeweza kukitumia peke yake. Mtumiaji alipaswa kuomba cheti cha kidijitali, kuthibitishwa kwa kitambulisho mbele ya mhakiki aliyeidhinishwa, kuhuisha cheti hicho mara kwa mara, na kujifunza kuandika amri za kutuma na kufuatilia kazi. Kwa mtafiti ambaye nchi yake haikuwa na mamlaka ya kutoa vyeti hivyo, safari ilikuwa ngumu zaidi.

Malango ya sayansi yalibuniwa kuondoa kikwazo hicho. Mtafiti hufungua kivinjari, hujaza fomu na kupakia faili lake. Lango huandika amri, hutuma kazi na kurejesha matokeo. Lango la CIPRES la San Diego, Marekani, kwa mfano, huwawezesha wanabiolojia kuchora nasaba za viumbe kwa kompyuta kubwa bila kujua lugha ya kompyuta hizo. Kwa upande wa Afrika, mradi wa Sci-GaIA, uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya kati ya 2015 na 2017, ulikuza matumizi ya malango haya. Miongoni mwa washirika wake ni UbuntuNet Alliance, umoja wa mitandao ya elimu na utafiti ambao TERNET ya Tanzania ni mwanachama wake.

Hata hivyo, cheti hakikufutwa, kimehama tu. Malango mengi ya gridi hutumia cheti kimoja cha mashine kwa niaba ya watumiaji wote, na kwa hiyo hulazimika kujua kila kazi imetumwa na nani. Mtu mmoja akiitumia gridi kwa uhalifu, lango zima linaweza kufungiwa. Anayeweza kusema huyu ni mtafiti wa kweli ni chuo chake, na ndiyo maana malango mengi humtaka mtumiaji aingie kwa nywila ya taasisi yake kupitia mashirikisho ya utambulisho, ambayo huunganishwa kimataifa na eduGAIN.

Hapo ndipo penye kazi. Taasisi ambayo mtumishi aliyestaafu bado ana akaunti, na mwanafunzi aliyesajiliwa muhula huu hana, haiwezi kumdhamini mtu yeyote. Tunapozungumzia Tehama katika utafiti tumezoea kuhesabu seva na kasi ya intaneti. Orodha safi ya watumiaji haikatiwi utepe, lakini bila hiyo mtafiti hubaki nje ya lango lililo wazi kwa mwenzake.

Lipo na suala la data. Fomu nyepesi humsahaulisha mtumiaji kwamba faili lake linaondoka, pengine kuvuka mipaka. Kwa molekuli za dawa hilo si tatizo. Vinasaba vya mgonjwa ni jambo jingine: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inavihesabu kuwa taarifa nyeti na kuweka masharti ya kusafirisha taarifa binafsi nje ya nchi. Kitufe cha kutuma hakiulizi kama masharti hayo yametimizwa.

Mtafiti anayekusudia kutumia malango haya aanze kwa kuuliza kitengo cha Tehama cha taasisi yake kama imejiunga na shirikisho la utambulisho. Utafiti unaohusu taarifa za watu unapaswa kuwa na kibali cha maadili, na ufafanuzi kuhusu usafirishaji wa taarifa hizo hupatikana kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.