Notisi Ukutani: Nani Anachora Ramani ya Mtaa Wetu?



Juzi nilipita kichochoro kimoja Majengo, hapa Mombasa. Kwenye ukuta wa nyumba ya Kiswahili, ile ya vyumba sita na ukumbi katikati, kulikuwa na notisi. Kizungu kitupu, herufi ndogo. Chini yake bi mkubwa ameketi barazani anauza viazi vya karai.

"Shikamoo mama. Hii karatasi yasema nini?"

"Marahaba mwanangu. Mimi nilidhani ni watu wa stima."

Haikuwa stima. Lilikuwa ombi la kubadilisha matumizi ya ploti ile aliyoketi, ijengwe fleti za gorofa nane. Siku za kupinga zilikuwa zimebaki tatu.

Wengi wetu hudhani mipango ya mji huanza ofisini kwa afisa wa kaunti. Mara nyingi huanza kwenye hesabu za pesa. Mwekezaji amenunua ardhi ghali na benki inamdai riba. Gorofa mbili hazimrudishii pesa zake, kwa hivyo anaomba nane. Akikubaliwa, ploti ya jirani nayo yapanda bei, maana sasa kila dalali anajua pale panabeba gorofa nane. Atakayeinunua hiyo naye ataomba nane. Zikifika ploti kumi, mtaa ushabadilika, na ramani ya kaunti inakuja nyuma kuhalalisha. Bomba la maji na mfereji wa maji taka ni vile vile vya enzi za vyumba sita.

Na sisi wa Mombasa tuna shida ya ziada: nyumba bila shamba. Yule mama nyumba ni yake, ameirithi. Ardhi ni ya mwingine, ambaye amekuwa akilipwa kodi ya ardhi miaka yote. Mwenye ardhi akiuza, anayelipwa bei ya gorofa nane ni yeye. Mama, akibahatika, analipwa mawe na mabati.

Kwenye ardhi ya umma hesabu ni hiyo hiyo. Tazameni Buxton. Zilikuwa nyumba za kaunti, za kupangisha. Kaunti ikatoa ardhi, kampuni binafsi ikaleta pesa, nyumba zikabomolewa, ukaja mpango wa fleti zaidi ya 1,800 za kuuza. Sitetei nyumba zilizochakaa, na fleti mpya ni nzuri. Lakini kupangisha na kuuza si kitu kimoja. Pesa ya mwekezaji hutaka kurudi haraka, na inayorudi haraka ni ya kuuza. Kijana wa tuktuk anayelipa kodi kwa mwezi, ataitoa wapi pesa ya kununua?

Sisemi tufukuze wawekezaji. Mji usiojengwa hufa. Nasema tukae mezani kabla hesabu haijafungwa. Kifungu cha 43 cha Katiba kinatupa haki ya makazi bora tunayoweza kuyafikia. Sheria ya mipango ya ardhi ya 2019 inamtaka mwombaji atangazie umma, na inakupa nafasi ya kutoa pingamizi. Kaunti ikikubali na hukuridhika, kuna kamati ya rufaa, kisha mahakama ya ardhi.

Basi kazi yetu ni ndogo lakini ya kila wiki. Ukiona notisi ukutani, ipige picha, itafsiri, itume kwenye grupu ya mtaa siku hiyo hiyo. Uliza: maji yatatoka wapi? Maji taka yataenda wapi? Waliopo sasa wanalipwa nini, na je, wana nafasi ya kurudi? Andika, peleka kwa mkono, na usitoke bila nakala iliyogongwa muhuri.

Sisi tuliandika barua ya yule mama usiku ule ule. Ilifika siku ya mwisho, alasiri. Jibu bado hatujapata. Lakini majirani walioweka sahihi ni 31, na kabla ya hapo hakuna hata mmoja aliyejua kuna notisi.

Je, kwenu ukutani kumebandikwa nini? Kaangalie leo.