Milango nyeupe ikigeuka manjano, mpangaji asilipishwe

Hapa Goma nyumba za mbao ni nyingi, hasa tangu volkano ya Nyiragongo ya Januari 2002, watu walipojenga upya juu ya mawe ya lava. Ndani, wenye nyumba wanapenda kupaka milango na kadre za madirisha rangi nyeupe ya mafuta, kwa kuwa inang'aa na kupangusika vizuri. Baada ya muda ile nyeupe inakuwa kama siagi, na hapo ugomvi unaanza.

Mama mmoja aliyekimbia kutoka Masisi pamoja na watoto wake aliniambia kwamba alipohama, mwenye nyumba alikata pesa kwenye garanti yake. Eti makala yake imechafua milango. Naona hiyo si haki, maana mara nyingi kosa limo ndani ya kopo la rangi lenyewe.

Rangi ya mafuta hukauka kwa kuvuta hewa, na mafuta yake yanaendelea kubadilika miaka mingi baada ya fundi kuondoka. Gizani yanageuka manjano. Mwanga wa mchana unaipunguza hiyo manjano. Ndiyo sababu kadre iliyo karibu na dirisha inabaki nyeupe kuliko mlango ulio nyuma ya kabati, mahali ambapo hakuna aliyewasha kitu. Familia nyingine zimerudi kwenye nyumba iliyofungwa miezi mingi na kukuta milango ya manjano, na mle hapakuwa na mtu wala mbabula.

Sisemi moshi hauna hatia. Makala, taa ya petroli na sigara vinaacha uchafu. (Na kupika kwa makala ndani ya chumba kilichofungwa kunaua, tusisahau.) Lakini kutofautisha ni rahisi. Chukueni kitambaa, maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, msugue pembe moja ya mlango. Kinachotoka ni moshi, mpangaji asafishe. Kinachobaki kimo ndani ya rangi. Kisha sogezeni kabati: kama nyuma yake ni manjano zaidi, mwenye nyumba amepata jibu lake.

Kuna kosa lingine la wenye nyumba wenyewe. Wanataka kupangisha haraka, wanapaka milango mafuta, siku ileile wanapaka kuta rangi ya maji, kisha wanafunga madirisha. Baadhi ya rangi za maji hutoa amonia zinapokauka, na amonia inaharakisha manjano kwenye rangi ya mafuta ambayo bado ni mbichi. Kuta zitangulie, madirisha yakae wazi siku kadhaa, milango ifuate.

Anayetaka weupe udumu aache mafuta kwa mbao za ndani, anunue rangi ya maji ya akriliki, ile inayofaa mbao. Haina mafuta yale, kwa hiyo haigeuki namna hiyo. Ila isipakwe moja kwa moja juu ya mafuta ya zamani, itabanduka. Mlango uoshwe, usuguliwe na msasa mpaka mng'ao uishe, vumbi lipanguswe, ipakwe rangi ya kwanza ya kushikiza, halafu mikono miwili. Mbao zenye mafundo zinatoa utomvu unaopenya rangi yoyote, basi zinahitaji rangi ya kwanza inayozuia madoa. Kazi hiyo inagharimu, najua, lakini ni gharama ya mwenye nyumba, si ya mama aliyefika na godoro na sufuria mbili.

Yule mama amepanga kwingine sasa. Kabla ya kutoa garanti alimwita mwenye nyumba, wakazunguka pamoja mlango kwa mlango, na kwenye karatasi ya mkataba wakaandika: milango mitatu, tayari ya manjano. Wote wawili wakatia sahihi.