Haki ya Mnunuzi Isilale

Mwananchi hununua cherehani, ikaharibika kabla ya mwezi kwisha. Muuzaji humwambia, "Njoo kesho," na kesho hiyo haifiki. Hiyo si subira, ni mtego.

Sheria ya Ukomo ya mwaka 1971 humpa miaka 6 ya kufungua shauri la mkataba. Lakini Sheria ya Mauzo ya Bidhaa haimngoji hivyo: akikaa na kitu kibovu kupita muda unaostahili bila kukikataa, huhesabiwa kuwa amekikubali. Haki ya kukirudisha hupotea; hubakia kudai fidia.

Basi sisi watumishi na walimu, tunaoombwa ushauri vijijini, tuwafunze wenzetu: lalamiko litolewe mapema, kwa maandishi, na stakabadhi itunzwe. Ahadi ya mdomo haisimamishi siku za sheria.