Faraja Nayo Yahitaji Kukaguliwa



Tarehe 15 Juni 2025, mjini Roma, Kanisa lilimtangaza kuwa mwenye heri ndugu yetu Floribert Bwana Chui, mwana wa Goma na mwanajumuiya wa Mtakatifu Egidio. Habari yake sote twaijua. Kazi yake ilikuwa kukagua ubora wa vyakula vinavyoingia kupitia mpakani. Mwaka 2007 alikataa hongo ya kupitisha chakula kilichoharibika, akauawa akiwa na umri wa miaka 26. Twamheshimu kama shahidi wa uaminifu, na ndivyo ipasavyo. Lakini tusisahau kwamba kabla ya kukataa, alikagua. Wema wa moyo peke yake usingaliweza kuwakinga watu na chakula kibovu; ilimpasa ajue kipi ni kibovu na kipi ni kizima.

Twataka kuliuliza swali hilohilo kuhusu chakula cha namna nyingine ambacho watu wa mji huu hupewa kila siku, yaani faraja. Katika nyumba za kusikiliza, katika hospitali, katika shule, wako washauri na wale wasaidizi wa kisaikolojia na kijamii tunaowaita APS. Wanaketi na mama aliyebakwa, na baba asiyelala usiku, na mtoto aliyeacha kusema. Wengi hufanya kazi hiyo kwa upendo usio na kifani na kwa malipo madogo. Lakini ni nani akaguaye faraja hiyo? Twajuaje kwamba inaponya? Twajuaje kwamba haimwumizi mtu mara ya pili?

Maoni yetu ni haya: washauri wenye uzoefu wafundishwe utafiti hadi ngazi ya udaktari, hapa kwetu, bila kuacha kazi yao, na sisi walei tulihesabu jambo hilo miongoni mwa matendo ya huruma, wala si anasa ya wasomi.

Twawafikiria hasa washauri wanaofuata njia iitwayo saikodinamiki. Njia hiyo, ambayo chimbuko lake ni kazi ya Sigmund Freud mjini Vienna, hufundisha kwamba maumivu ya zamani yasiyopata maneno hayafi. Hujificha, kisha hurudi kwa sura nyingine: hasira isiyo na sababu, ugonjwa usioonekana na daktari, woga wa kupenda. Mshauri humsaidia mtu kuyatambua polepole, akichunguza pia yale yanayotokea baina yao wawili, kwa kuwa mgonjwa huweza kumwogopa mshauri kama alivyomwogopa mtu mwingine zamani.

Je, kuna mji unaolielewa jambo hilo kuliko Goma? Nyumba zetu nyingi zimesimama juu ya lava ya Januari 2002, na chini ya lava hiyo zimo barabara na misingi ya nyumba za kale. Mioyo yetu nayo ni hivyo. Aliyekuwa mtoto mwaka 1994, wakimbizi walipofurika na kipindupindu kikaua maelfu, ndiye mzazi aliyebeba watoto akikimbia mlipuko wa Mei 2021, na ndiye aliyelala chini sakafuni vita vilipoingia mjini Januari 2025. Anapolia leo, analia kwa lipi? Mshauri asiyejua kutazama tabaka za chini atashughulikia la juu tu.

Baadhi yenu huuliza kama elimu hii, iliyoanzishwa na mtu asiyeamini, inafaa kwa Mkristo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Gaudium et Spes ya mwaka 1965, ulihimiza matokeo ya saikolojia yatumiwe katika uchungaji. Papa Fransisko mwenyewe alimweleza Dominique Wolton, katika kitabu cha mazungumzo yao cha mwaka 2017, kwamba alipokuwa na umri wa miaka 42 alimwendea mchambuzi-nafsi, mwanamke Myahudi, kila wiki kwa muda wa miezi sita, na kwamba alimsaidia sana. Asiyeona haya kusaidiwa ni mnyenyekevu.

Sasa, utafiti unaongeza nini juu ya kusikiliza? Tutoe mfano wa hapa kwetu. Mwaka 2013 jarida la tiba la Marekani, The New England Journal of Medicine, lilichapisha utafiti uliofanyika katika vijiji vya Kivu ya Kusini na Kivu ya Kaskazini, miongoni mwa wanawake 405 walioteswa kwa ukatili wa kijinsia. Katika vijiji vingine walipewa tiba ya mazungumzo ya kundi yenye mpango maalumu. Katika vingine walipewa msaada wa mtu mmoja mmoja. Waliowahudumia walikuwa wasaidizi Wakongomani, si madaktari. Baada ya miezi sita, waliobaki na dalili za huzuni kuu au wasiwasi mkubwa walikuwa asilimia 9 katika kundi la kwanza, na asilimia 42 katika kundi la pili.

Tulitafakari jambo hilo vizuri. Hata wanawake wa kundi la pili walipata nafuu kiasi. Kama wangaliulizwa hao peke yao, wangalishukuru, na wahudumu wangaliridhika. Ni kule kulinganisha kulikoonyesha kwamba palikuwa na msaada mkubwa zaidi uliowezekana. Shukrani ya anayesaidiwa haitoshi kuwa ushahidi, kwa maana mwenye njaa hushukuru hata kwa chakula hafifu.

Lakini mfano huohuo waonyesha pengo letu. Tiba iliyopimwa ilikuwa ya njia nyingine, ile inayoshughulika na mawazo ya mgonjwa kuhusu tukio lenyewe. Mpango wa utafiti uliongozwa na wataalamu wa vyuo vikuu vya Marekani. Twawashukuru. Hata hivyo, maswali yaliyobaki ni yetu. Mtu akisema kwamba ana mawazo mengi, au kwamba moyo wake ni mzito, je, anasema kile ambacho dodoso lililotafsiriwa kutoka Kiingereza linakiita huzuni kuu? Je, kuufungua msiba wa zamani humponya mtu ambaye hatari haijamwondokea, au humwacha uchi katika baridi? Maswali ya namna hiyo hayajibiwi kwa hesabu peke yake. Yahitaji mtu aliyeketi na wagonjwa miaka mingi, anayejua lugha yao na kimya chao, na aliyefunzwa kuandika kwa ukweli alichokiona, pamoja na yale yanayompinga.

Jambo hilo linawezekana. Kwenye kliniki ya Tavistock mjini London, iliyoanzishwa mwaka 1920, watabibu huandaa tasnifu ya udaktari kutokana na kazi yao wenyewe na wagonjwa. Katika Afrika, Marie-Cécile na Edmond Ortigues walichapisha mwaka 1966 kitabu kilichotokana na kuwasikiliza vijana na watoto katika hospitali ya Fann, Dakar. Na jirani yetu wa Bukavu, Daktari Denis Mukwege, aliyeanzisha hospitali ya Panzi mwaka 1999, alipata udaktari wa Chuo Kikuu Huru cha Bruxelles mwaka 2015, akiwa na umri wa miaka 60, kwa tasnifu kuhusu majeraha yaleyale aliyokuwa akiyashona kila siku. Hakuacha wagonjwa ili awe msomi. Wagonjwa ndio waliomfanya asome.

Yako mapingamizi, nayo si mepesi. La kwanza ni kwamba watu wanateseka leo, na udaktari huchukua miaka mingi. Ni kweli. Ndiyo maana twasema mafunzo yaende pamoja na kazi. Tena tujiulize: kama miaka 30 iliyopita mtu angalianza kuandika kwa utaratibu kinachowaponya watu wa Goma na kisichowaponya, leo tungekuwa wapi?

La pili ni kwamba mwenye shahada kubwa huhama. Anakwenda Kinshasa, anakwenda Ulaya, au anaajiriwa na shirika kubwa na kuandika ripoti ofisini. Hilo tumeliona mara nyingi. Lakini tukimlazimisha mtu aende mbali ili asome, tusishangae asiporudi. Tangu mwaka 1971, chuo kikuu cha taifa kilipoundwa, kitivo cha saikolojia kiliwekwa Kisangani. Vyuo vya Goma, Butembo na Bukavu, vikiwemo vya Kanisa, vikiunganisha nguvu na kushirikiana na wasimamizi wa nje, mshauri anaweza kusoma na jioni akarudi kwa wagonjwa wake.

La tatu ndilo zito kuliko yote: siri. Aliyefungua moyo wake hakuufungua ili awe sura ya tasnifu. Mara ngapi watu wetu wamesimulia maumivu yao kwa mgeni mwenye daftari, wasimwone tena? Hapa twasema bila kusita kwamba utafiti unaovunja siri ni wizi. Anayefundishwa utafiti afundishwe kwanza kuomba ruhusa ambayo mtu anaweza kuikataa bila kupoteza msaada, kuficha kila alama ya kumtambulisha, na kuwarudishia watu matokeo kwa Kiswahili wanachokielewa. Naye awe na msimamizi wa kumsikiliza, kwa sababu mshauri wa Goma amekimbia risasi zilezile alizozikimbia mgonjwa wake. Asipojua jeraha lake mwenyewe, atalisoma katika uso wa kila ajaye kwake.

Mtakatifu Luka, ambaye Mtume Paulo anamtaja kuwa tabibu, anaianza Injili yake kwa kueleza kwamba amechunguza mambo yote kwa uangalifu tangu mwanzo kabla ya kuyaandika kwa utaratibu. Hakuona kwamba uchunguzi unaipunguza imani. Na ni yeye peke yake aliyetuhifadhia habari ya njia ya Emau, ambako Bwana aliwakuta watu wawili waliovunjika moyo, akawauliza wanazungumza nini, akawaacha waseme yote kabla ya kuwaeleza Maandiko. Kusikiliza na kuchunguza vilikaa katika kalamu moja.

Vijana wapendwa, kwenu tunaomba mambo matatu. Anayesoma saikolojia au uuguzi, asikimbilie cheti na kuacha maswali. Aanze sasa kuandika anachokiona. Vikundi vyenye mfuko wa kusaidiana, vifikirie kumchangia mshauri wa parokia ada ya masomo, kama tunavyomchangia mseminari. Na kila mmoja wenu anapomfariji rafiki, akumbuke kurudi baada ya wiki na baada ya mwezi kumwuliza kama maneno yake yalimsaidia kweli, naye awe tayari kusikia kwamba hayakumsaidia. Hapo ndipo utafiti wote huanzia.

Mwenye Heri Floribert, uliyekagua kilichoingia vinywani mwa watu wako, utuombee tukague kinachoingia mioyoni mwao.